Wakongwe, Acheni Kutusimanga: Kaseti Hamkuipenda, Iliwashika Mateka

Haipiti wiki mbili bila mkongwe mmoja wa Bongo Fleva kuibuka. Jina kapuni, maana wapo wengi na kila mmoja akisoma hapa atajijua. Anaalikwa studio, anavutiwa kiti, anawekewa maiki, halafu anashusha pumzi kama katoka msibani. Vijana wa siku hizi hamjui kusikiliza muziki. Sisi tulinunua kaseti, tukakaa chini, tukasikiliza mistari. Nyie mnaskroli tu. Mtangazaji anatikisa kichwa, mahojiano yanakatwa kipande cha sekunde thelathini, kinatupwa TikTok, na sisi tunakiskroli.

Na sio Dar tu. Hapa Babati tunao wa kwetu. Nenda stendi, ingia saluni yoyote ya kiume yenye sabufa, kaa pale wanapocheza drafti. Dogo akiweka ngoma mpya, kabla haijafika korasi ya kwanza utasikia braza wa miaka arobaini na ushee anafoka, "Toa hizo kelele, weka muziki." Muziki maana yake kitu cha 2003.

Tumewavumilia sana. Leo nawajibu. Shikamoo zenu nimeshatanguliza, asije mtu akasema sina adabu.

TUANZE NA HAKI YENU

Siwezi kuwanyima kilicho chenu. Kizazi chenu kilijenga nyumba ambayo wote tunalala ndani yake. Mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua rap ya Wamarekani akaipigia Kiswahili, watu wakashtuka kwamba kumbe inawezekana. Mwaka 1995 Mr. II, ambaye leo wote tunamwita Sugu, alitoa albamu ya Ni Mimi. Mwaka 2001 Profesa Jay akashusha Machozi Jasho na Damu, na ndani yake kuna Ndio Mzee, ngoma iliyomchora mwanasiasa mwongo mpaka wanasiasa wenyewe wakacheka kwa aibu. Ferooz na Starehe yake waliongea habari ya Ukimwi nyumba zilizokuwa zinanong'ona tu. Hapo jirani Arusha, X Plastaz wakachanganya hip hop na sauti za Kimasai, dunia ikageuka kuwasikiliza.

Na usikilizaji wenu ulikuwa na raha yake, sikatai. Kaseti ya dakika sitini, thelathini upande A na thelathini upande B. Utepe ukitafunwa unauvuta taratibu, unaurudisha kwa kuzungusha kalamu ya Bic. Betri zikichoka zinaanikwa juani juu ya bati zijitutumue mara ya mwisho. Wimbo unaoutaka hauna, basi unavizia redio, kidole kwenye kitufe cha kurekodi, unaomba mtangazaji asiongee katikati. Anaongea. Wimbo wako unaishi na sauti yake milele, na siku ukiusikia bila yeye unaona kuna kitu kimepungua.

Halafu zile kadi za salamu. Unanunua kadi, unajaza majina kumi ya ndugu na washkaji, unaituma, unasubiri wiki kadhaa usikie mji wako unatajwa hewani. Na madaftari ya nyimbo shuleni, mistari imeandikwa kwa kalamu ya bluu, korasi kwa nyekundu, na mtu akikosea neno mnabishana mpaka kengele inalia.

Vyote hivyo ni kweli na vilikuwa vitamu. Tatizo ni pale mnapovigeuza kuwa tabia njema yenu na dhambi yetu.

KILE HAKIKUWA UVUMILIVU

Tuambiane ukweli. Mlisikiliza albamu nzima kwa sababu kuruka wimbo kwenye kaseti ilikuwa kazi. Kupeleka mbele kunakula betri. Kurudisha nyuma kunakula betri. Ukikosea unatua katikati ya wimbo mwingine, na utepe ukijifunga umepoteza kaseti yenyewe. Kwa hiyo wimbo namba tano usioupenda mliuacha ucheze, na baada ya kuusikia mara arobaini mkaanza kuupenda. Ile ilikuwa foleni bila njia ya mchepuko, na mtu aliyekwama kwenye foleni hawezi kujisifu kwamba anapenda kutulia.

Ushahidi? Angalieni mlivyofanya mlipopata mlango wa kutokea.

Mnakumbuka CD za MP3? Sahani moja ya megabaiti 700, wimbo mmoja megabaiti nne au tano, hesabu inakuja kwenye nyimbo mia na hamsini hivi. Zilichomwa kwenye vibanda vya steshenari na zikauzwa stendi zote za nchi hii. Hapakuwa na upande A wala B. Wimbo mmoja wa huyu, miwili ya yule, kwaya, zouk na Mkongo mmoja mwishoni. Nani alinunua? Si nyie. Baadaye zikaja memori kadi na simu za Kichina zenye spika kama za kanisani. Mnaenda kibandani, mnampa dogo kadi, mnamwambia "jaza". Jaza nini? "We jaza tu." Huyo ndiye msikilizaji makini anayetusimanga leo.

Sasa wekeni tarehe mezani. TikTok ilianza kutumika nje ya China mwaka 2017, na Agosti 2018 ikaunganishwa na Musical.ly. Hapo kaseti ilishakufa na kuoza, na albamu kama kitu cha kununua dukani ilishazikwa. Mtuhumiwa mnayemsimamisha kizimbani kila wiki hakuwepo eneo la tukio. Waliokuwepo ni nyie, mkiwa na memori kadi mkononi.

ENZI ZILE HAZIKUWA ZA WOTE

Kuna jambo jingine ambalo wakongwe hawaligusi kabisa: hiyo raha ilikuwa ya nani?

Redio ilikuwa moja ndani ya nyumba na mwenyewe ni baba. Akirudi, taarifa ya habari. Akitoka, inashikwa na kaka mkubwa. Dada yuko jikoni anasikia wimbo kupitia ukutani. Kijiwe cha kubishana mistari kilikuwa cha wavulana, na binti akisimama pale dakika kumi jina lake linafika nyumbani kabla yake. Leo binti wa Maisaka au Bonga ana simu yake na spika zake za masikioni, anachagua mwenyewe cha kusikiliza, na hakuna wa kumbadilishia stesheni. Kaka mkubwa anaweza kuikumbuka enzi ya redio moja kwa machozi. Dada yake atakuwa na hadithi tofauti.

Na msanii je? Enzi zenu, kijana wa Babati mwenye mistari alikuwa na njia moja: apande basi. Arusha ni zaidi ya kilomita mia moja na sitini, na Dar ni safari ya kukopa nauli. Studio huko, redio huko, msambazaji huko. Akifika alikuwa anakutana na mtangazaji (jina kapuni, wengine bado wako hewani) ambaye bila kitu kidogo kwenye bahasha CD yake inalala kwenye droo. Wangapi walirudi Manyara kimya kimya, wakaenda shamba Magugu kulima mpunga, hakuna aliyewahesabu. Hao hawaitwi kwenye mahojiano ya kukumbuka enzi.

Hata waliotoboa mliwafanyaje? Kaseti halali moja inaingia mtaani, deki mbili zinaizalisha mara ishirini, na kila mtu anayo. Sheria ya sasa ya hakimiliki imekuwepo tangu 1999. Lakini mirabaha ya nyimbo kupigwa redioni, wasanii waliiona COSOTA ikigawa Januari 2022. Hesabu wenyewe hiyo miaka. Mlikariri kila mstari wa msanii mliyempenda, na yeye alikuwa anadaiwa kodi ya chumba. Kama huko ndiko kuujua muziki, basi mliujua bila kuulipia.

HAYA, NA SISI TUJIANGALIE

Nilipofika hapa najua vijana wenzangu mmeshaanza kushangilia. Subirini kwanza, kelele zenu nazo ziko kwenye ratiba.

Kuna kitu kimepotea kweli, na si kaseti. Ni kufika mwisho wa wimbo. Niimbie ngoma iliyotrend mwezi uliopita. Utaimba sekunde kumi na tano, zile za kuchezea, halafu utaanza kung'ata maneno. Beti ya pili hujui. Msanii aliumwa na kitu fulani usiku, akaandika beti ya pili, ndipo hadithi nzima ilipo, na watu laki tano wamecheza nyonga juu ya wimbo wake bila kujua kwamba unahusu mama yake aliyefariki.

Lakini tukitafuta nani kaleta hii tabia, tutaanguka kwa watu wazima tena. Nani anaandika ngoma siku hizi ianze na korasi sekunde ya kwanza? Kuna staa mmoja mkubwa, mnamjua, chalenji ya wimbo wake inaanza kabla wimbo haujatoka. Kuna mwingine kila akikaribia kuachia mzigo lazima kwanza aachane na mpenzi, mitandao ichafuke siku nne, ya tano ngoma iko hewani na mapenzi yamerudi. Kuna meneja mmoja ambaye anakaa na prodyuza na kumwambia kata dibaji, kata beti ya tatu, nani atasikiliza. Kuna machawa wanalipwa kuhesabu watazamaji na kumtukana mwenye watazamaji wachache. Waulizeni umri wao. Hao mameneja wengi ni vijana wa kaseti. Waliofundishwa kusikiliza mpaka mwisho ndio wanaotuuzia nusu.

Na wanafanya hivyo kwa sababu mitambo inalipa hivyo. Spotify, iliyofika rasmi Tanzania 2021, inahesabu wimbo umesikilizwa ukivuka sekunde 30. Ukishavuka hapo, mtu akiondoka au akibaki malipo ni yaleyale. Sasa kwa nini mfanyabiashara ahangaike na dakika ya tatu?

HESABU YA DOGO WA BABATI

Hapa ndipo ninapotaka wote tukae chini, wakongwe na vijana, maana hapa kuna riziki ya mtu.

Chukua dogo mmoja wa hapa kwetu anayerekodi kwenye chumba chenye magodoro ukutani. Huyu wa leo hahitaji kupanda basi. Ana kompyuta, ana maiki, ana akaunti. Kwenye jambo hili kizazi chetu kimebarikiwa na mwenye kubisha abishe. Hata anayeimba Kiiraqw, ambaye redio za Kiswahili zingempa nafasi ya kubahatisha, leo wimbo wake unatoka hapa unawafikia watu wa Mbulu, Karatu na Katesh, unalia kwenye bodaboda bila kuomba ruhusa ya mtangazaji yeyote.

Lakini ili huyo dogo aanze kulipwa matangazo ya YouTube, anatakiwa awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi kumi na mbili, au apate watazamaji milioni 10 wa vipande vifupi vya Shorts ndani ya siku 90. Hiyo ya milioni 10 tuwaachie wenyewe. Tushike saa 4,000.

Saa 4,000 ni dakika 240,000. Wimbo wake una dakika tatu. Watu wakiusikiliza mpaka mwisho, anahitaji uchezwe mara 80,000 kwa mwaka. Ni nyingi, ila kwa nyimbo kadhaa, mkoa mmoja na jasho, inafikirika. Sasa watu haohao wakiingia na kutoka baada ya sekunde kumi na tano kama tulivyozoea, anahitaji uchezwe mara 960,000. Soma tena. Themanini elfu kwa tabia moja, karibu milioni kwa tabia nyingine, na wimbo ni uleule. Tofauti yote ipo kwenye kidole chako.

Spotify nako, tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi kumi na mbili haulipwi hata shilingi. Elfu moja gawanya kwa siku 365, haifiki tatu kwa siku. Mkoa wa Manyara una watu zaidi ya milioni 1.8 kwa sensa ya 2022. Tumeshindwa kutoa watu watatu kwa siku wenye uvumilivu wa sekunde thelathini? Huo uzembe hatuwezi kumsingizia Mchina wa TikTok.

Kwa hiyo mkongwe anaposema kusikiliza mpaka mwisho kuna thamani, ana haki. Sema anaitaja thamani isiyo yenyewe. Anaongelea heshima na kumbukumbu zake. Mimi naongelea dogo kulipa umeme wa studio.

SASA TUFANYEJE

Kaseti haitarudi, na wanaoziuza mtandaoni kama mapambo waachieni wenye sebule kubwa. Kizazi cha kaseti kilifika mwisho wa wimbo kwa kulazimishwa na mashine. Sisi mashine imetufungulia milango yote, kwa hiyo tukifika mwisho wa wimbo tutakuwa tumeamua. Mtu wa kwanza kwenye historia ya muziki wetu mwenye uhuru wa kuruka na akaamua kubaki ni wewe unayesoma hapa na bando lako la usiku. Hiyo ni sifa ambayo mkongwe hakuwahi kuwa nayo.

Basi nina maombi matatu tu. Vinyozi, mabodaboda na wenye bajaji wa mji huu, nyie ndio redio ya Babati. Kila siku wekeni ngoma moja ya msanii wa mkoa huu, ichezeni kutoka mtandaoni kwenye akaunti yake mwenyewe, na iacheni ifike mwisho. Abiria anayetoka sokoni kwenda Komoto ana dakika za kutosha.

Vijana, ukipenda kipande, nenda katafute wimbo wenyewe kabla hujakitumia. Dakika tatu. Usiponipenda baada ya hapo, nidai bando.

Na nyie wakongwe, tunawahitaji kuliko mnavyodhani. Mnajua vitu ambavyo haviko kwenye simu yoyote: nani aliandika nini, nani alimwibia nani, mstari ule ulimlenga waziri gani. Siku mkiacha kutusimanga mkatuhadithia, tutakaa chini mpaka usiku. Ila mkija tena na ile "vijana hamjui kusikiliza", tutawauliza swali moja, mbele za watu, na tunataka jibu: msanii wa Babati wa mwisho uliyemsikiliza mpaka mwisho wa wimbo wake ni nani?

Mwenye jibu atiririke. Asiye nalo, apunguze sauti kidogo, kuna dogo anapiga ngoma mpya na bado yupo beti ya pili.